Chui Milia Hulindwa Mahali Asipofika Mtalii

Tarehe 31 Desemba 2024, katika hifadhi ya Umred Paoni Karhandla iliyoko jimbo la Maharashtra, katikati ya India, chui milia jike anayetambulika kwa alama ya F2 alitokeza barabarani akiwa na watoto wake watano. Magari ya watalii yalikuwa yamejipanga pande zote mbili. Ya mbele hayakurudi nyuma, ya nyuma yakasogea ili abiria wao nao waone, na mama yule akajikuta amezingirwa pamoja na wanawe bila pa kupita. Video za tukio hilo zilisambaa nchi nzima. Madereva na waongoza wageni waliohusika walisimamishwa kazi, na Mahakama Kuu ya Bombay, tawi la Nagpur, ikalichukua suala hilo yenyewe bila kusubiri mlalamikaji.

Adhabu ilistahili, na sina neno la kumtetea dereva anayemfungia njia mnyama mwenye watoto. Lakini kila ninapozitazama picha zile, macho yangu huenda kwa wageni waliosimama kwenye viti vya nyuma wakiwa wameinua simu, kwa kuwa wao ndio waliolipia tukio kama lile litokee. Utalii wa chui milia umejengwa juu ya bidhaa moja, nayo ni kumwona. Aliyemwona hurudi hotelini ameridhika. Asiyemwona huhisi fedha zake zimepotea bure. Ninaamini kipimo hicho kinawapotosha wote wanaohusika, kwa sababu karibu kazi yote inayomweka hai chui milia hufanyika mahali ambapo mtalii hafiki: ndani ya msitu uliofungwa, kwenye vijiji vya mpakani, na katika njia nyembamba za miti zinazounganisha hifadhi moja na nyingine.

Msomaji aliyezoea mbuga za Afrika Mashariki huenda asielewe upesi kwa nini magari yalibanana kiasi hicho. Serengeti au Maasai Mara, simba hulala kundi zima kwenye nyasi fupi, na mgeni aliyemkosa asubuhi anaweza kumpata jioni. Chui milia ni mnyama wa msitu na wa kivuli. Akishaachana na mama yake hutembea peke yake, isipokuwa jike anapolea, na hulinda eneo lake dhidi ya wenzake. Kwa hiyo hutafutwa kwa masikio kabla ya macho. Mwongoza wageni huangalia nyayo vumbini, kisha dereva huzima gari ili asikilize: kulungu madoadoa wanapotoa mlio mkali wa tahadhari, na kima walioko juu ya miti wakaitikia, hujulikana kwamba mwenyewe anapita. Hapo gari huondoka kwa kasi, na mengine yaliyosikia mlio uleule hufika sehemu ileile kwa wakati mmoja. Bakshishi ya siku hiyo, ambayo kwa dereva na mwongoza wageni ni sehemu kubwa ya riziki, hutegemea dakika hizo chache. Ukimlipa mtu kwa kumsogelea mnyama, atamsogelea.

Sheria ya India imejaribu kulidhibiti jambo hili. Mwezi Julai 2012 Mahakama ya Juu ilisimamisha utalii wote katika maeneo ya kiini, yaani sehemu za ndani zenye ulinzi mkali, ya hifadhi za chui milia. Mwezi Oktoba mwaka huohuo iliondoa zuio hilo, baada ya Mamlaka ya Taifa ya Uhifadhi wa Chui Milia kutoa miongozo inayotaka utalii usizidi asilimia 20 ya eneo la kiini. Maana yake ni kwamba walau sehemu nne kati ya tano za kiini hazina magari ya wageni. Hifadhi nyingi pia hufunga malango ya kiini wakati wa mvua za monsuni, kuanzia Julai hadi Septemba. Kwa hiyo hata mgeni mwenye bidii kuliko wote huona kipande tu cha msitu, tena kwa msimu, na hadithi ya Sariska inaonyesha kinachoweza kutokea katika sehemu iliyobaki.

Sariska iko jimbo la Rajasthan, mwendo wa kilomita zipatazo 200 kutoka Delhi. Ilikuwa na jina, ilikuwa na hoteli, ilikuwa na watalii, na ilikuwa miongoni mwa hifadhi zilizowekwa chini ya Mradi wa Chui Milia, ule mpango wa taifa uliozinduliwa na serikali ya Indira Gandhi tarehe 1 Aprili 1973 ukiwa na hifadhi 9. Vitabu vya hesabu vya Sariska viliendelea kuonyesha kwamba chui milia wapo. Mwanzoni mwa mwaka 2005 ilithibitika kwamba hakubaki hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza wote, huku tiketi zikiuzwa langoni.

Iliwezekanaje? Sababu ya kwanza ni namna ya kuhesabu. Kwa miongo mitatu walinzi walihesabu kwa nyayo: walichora alama ya mguu juu ya kioo au kuimwagia plasta, kisha wakadai kumtambua kila mnyama kwa umbo la wayo wake. Mwanasayansi Ullas Karanth, ambaye tangu miaka ya 1990 alikuwa akitumia kamera za kutega, zinazojipiga picha zenyewe mnyama anapopita, katika msitu wa Nagarahole huko kusini, alieleza mara nyingi kwamba njia hiyo haiaminiki. Wayo uleule hubadilika ukikanyaga tope na ukikanyaga mchanga, na mlinzi ambaye wakubwa wake wanataka idadi ipande kila mwaka atapata idadi inayopanda. Mistari ya chui milia, kinyume chake, haifanani kati ya mnyama na mnyama, kama alama za vidole vya binadamu, na picha ya ubavu ni ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

Sababu ya pili ni kwamba wawindaji haramu walikuwa na soko lililopangika vizuri kuliko ulinzi. Sansar Chand, mfanyabiashara wa ngozi na mifupa aliyehusishwa na maangamizi ya Sariska, alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 akiwa kijana, na alikamatwa tena mwaka 2005. Miaka 31 ilipita katikati. Mifupa ya chui milia hutakiwa kwa dawa na pombe za kienyeji huko mashariki ya Asia, na ingawa China iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993, mahitaji hayakufa. Sisi wa bara la Afrika hatuko mbali na soko hilo kama tunavyodhani, kwani mifupa ya simba wanaofugwa Afrika Kusini imesafirishwa kwa miaka mingi kwenda huko ikichukua nafasi ya mifupa ya chui milia.

Baada ya aibu ya Sariska, Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kikosi kazi kilichoongozwa na Sunita Narain. Ripoti yake ya mwaka 2005 ilikwenda mbali kuliko suala la bunduki na walinzi. Ilisisitiza kwamba chui milia hawezi kulindwa huku maskini wanaoishi msituni na pembezoni mwake wakigeuzwa maadui zake. Hesabu mpya kwa kamera, ya mwaka 2006, ilipata chui milia 1,411. Hesabu ya nyayo iliyotangulia ilikuwa imetaja 3,642. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ujangili peke yake. Wengi kati ya wale waliokosekana walikuwa wanyama wa kwenye karatasi. Nchi ikakubali kuutazama ukweli huo hadharani, na ninaona kwamba uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko hatua nyingine yoyote iliyofuata.

Tangu hapo hesabu imepanda kwa mfululizo: 1,706 mwaka 2010, 2,226 mwaka 2014, 2,967 mwaka 2018, na wastani wa 3,682 mwaka 2022. Kwa hesabu ya mwaka 2018 kamera ziliwekwa katika sehemu 26,838 na kupiga picha zaidi ya milioni 34, ambazo 76,651 kati yake zilikuwa za chui milia. Nepal, iliyokuwa na chui milia 121 mwaka 2009, ilihesabu 355 mwaka 2022. Nchi 13 zenye mnyama huyu zilikutana St. Petersburg mwezi Novemba 2010 zikaahidi kuongeza idadi yake maradufu ifikapo mwaka 2022. Nepal ilivuka lengo, India nayo ikalivuka kwa kipimo chake cha mwaka 2006, lakini Kambodia ilimpoteza mnyama huyo kabisa. Picha ya mwisho ya chui milia katika misitu ya Kambodia ilipigwa na kamera ya kutega mwaka 2007.

Sitaki kueleweka kwamba mtalii hana faida. Anayo, na anayekana hilo hajafika Ranthambore. Katika hifadhi hiyo ya Rajasthan, chui milia jike aliyeitwa Machli alipigwa picha na wageni kwa miaka mingi hadi alipokufa Agosti 2016, na umaarufu wake ulisaidia kuifanya hifadhi nzima iwe jambo ambalo wanasiasa hawawezi kulipuuza. Barabara inayopitiwa na magari kila asubuhi ni ngumu kwa jangili kutega mtego. Mwongoza wageni anayewajua wanyama kwa sura zao hugundua mapema kwamba mmoja hajaonekana. Hoteli huajiri, tiketi huleta mapato. Ila faida hizi zote zinakaa karibu na barabara, kama joto linavyokaa karibu na jiko, na Sariska inathibitisha kwamba haziwezi kuupasha moto msitu mzima.

Anayeishi kwenye baridi ya jiko hilo ni mwanakijiji wa mpakani. Chui milia anapochukua ng'ombe wa maziwa, familia hupoteza mtaji wake mkubwa kuliko wote. Anapomuua mama aliyekwenda kuokota kuni, hakuna hesabu ya kufidia. Karibu na Yavatmal, tena Maharashtra, jike aliyepewa alama ya T1 na kupewa jina la Avni alidaiwa kuua watu 13 kabla ya kupigwa risasi Novemba 2018. Kifo chake kiliamsha hasira kubwa mijini, na kesi zikafunguliwa. Naheshimu huzuni ya waliomlilia, kwa sababu nami namthamini mnyama huyu. Ninachoomba ni kwamba wale 13 nao waliliwe kwa sauti ileile, maana wanakijiji walioachwa nao walisikia tofauti, na mtu aliyesikia tofauti hiyo hatatoa taarifa siku atakapomwona mgeni mwenye mitego ya chuma.

Watanzania tuna maneno mawili katika kanuni zetu za wanyamapori ambayo sijapata mfano wake mzuri katika lugha nyingine: kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yanakiri ukweli kwamba serikali hailipi thamani ya kilichopotea, inafuta tu. India nayo ina malipo ya aina hiyo. Pia ina malipo makubwa zaidi kwa wanaohamishwa kutoka maeneo ya kiini: rupia laki 10 kwa familia tangu mwaka 2008, zikapandishwa hadi laki 15 mwaka 2021. (Neno letu laki lilitoka kwao, hivyo msomaji hahitaji tafsiri.) Kwa mujibu wa sheria uhamaji huo ni wa hiari. Katika hifadhi ya Kanha, hata hivyo, jamii ya Baiga iliyoishi msituni humo kwa vizazi inasimulia kwa uchungu jinsi ilivyoondoka, na yeyote anayefuatilia yaliyotokea Loliondo na Ngorongoro anajua kwamba neno hiari huwa na uzito tofauti katika mdomo wa ofisa na katika mdomo wa mfugaji.

Upo mfano unaonipa matumaini zaidi. Katika hifadhi ya Biligiri Rangaswamy Temple, jimbo la Karnataka, jamii ya Soliga ilitambuliwa haki zake za pamoja za msitu mwaka 2011, chini ya Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006. Walibaki, wakaendelea kuvuna asali na matunda ya msituni, na chui milia nao wakabaki. Huko Nepal sheria inataka kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa jamii za ukanda wa kinga unaozunguka hifadhi, ambazo huchagua zenyewe kamati za kuitumia. Kenya ina njia yake pembeni mwa Maasai Mara, ambako wenye ardhi huikodisha kwa ajili ya wanyamapori na kulipwa kodi kwa utaratibu unaoeleweka. Njia hizi tatu hazifanani, na kila moja ina matatizo yake, lakini zote zimejibu swali ambalo hifadhi nyingi za India bado zinalikwepa: tiketi ya mgeni inamfikia nani?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science, ukiongozwa na Yadvendradev Jhala, unalifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Ulionyesha kwamba chui milia wa India wameenea katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 138,200, na kwamba karibu nusu ya eneo hilo wanaishi pamoja na watu wapatao milioni 60. Hakuna uzio unaoweza kuwatenganisha. Kijana dume akishafukuzwa na baba yake lazima atafute mahali pake, na safari hiyo humpitisha kwenye mashamba ya pamba, reli, migodi na barabara kuu. Akikosa njia, hufia njiani au hurudi kugombana na waliomzidi nguvu, na hifadhi iliyozingirwa hivyo huanza kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Ndiyo maana nadhani daraja moja la zege linaweza kuwa na thamani kuliko magari mia ya watalii. Barabara kuu namba 44 ilipopanuliwa kupitia msitu wa Pench, baada ya mvutano mrefu wa kisheria, upande wa Maharashtra uliwekewa sehemu 9 za kupitisha wanyama chini yake, moja ikiwa na urefu wa mita 750. Malori yanaunguruma juu, na kamera zilizowekwa chini zimewanasa chui milia wakivuka usiku kwa utulivu. Hakuna mgeni anayelipa kwenda kutazama chini ya daraja. Lakini ushoroba huo ndio unaoziunganisha Pench na Kanha, na bila ushoroba wa aina hiyo hifadhi zote mbili zingekuwa visiwa.

Basi mgeni afanye nini? Aende, kwanza. Kisha aulize maswali ambayo kwa sasa hayaulizwi langoni. Aiulize hoteli wafanyakazi wake wanatoka vijiji gani, na kuni za jikoni zinatoka wapi. Amwambie dereva mapema, kabla gari halijawashwa, kwamba bakshishi itatolewa kamili hata chui milia asipoonekana, na kwamba itapungua gari likimsogelea mno. Sentensi hiyo moja hubadili mwenendo wa asubuhi nzima. Azifikirie safari za ukanda wa kinga, ambako mapato mara nyingi huwa karibu zaidi na wanavijiji, na hifadhi kama Satpura katika jimbo la Madhya Pradesh, ambako mtu anaweza kutembea kwa miguu na mwongoza wageni na kujifunza msitu wenyewe.

Na afuatilie yanayotokea baada ya yeye kurudi nyumbani. Panna, iliyo jimbo hilohilo, ilirudia makosa ya Sariska na kubaki bila chui milia mwaka 2009. Majike wawili waliletwa kutoka Bandhavgarh na Kanha, na dume mmoja, T3, kutoka Pench. T3 hakupakubali. Aliondoka kuelekea kwao, na kwa wiki kadhaa walinzi walimfuata kwa tembo na magari kupitia mashambani, hadi walipomdunga dawa ya usingizi mwishoni mwa Desemba 2009 na kumrudisha. Safari hii alikaa. Aprili 2010 mmoja wa majike wale, ambaye naye alipewa alama ya T1 kama yule wa Yavatmal, alizaa, na leo msitu huo una chui milia zaidi ya 50.

Tarehe 25 Desemba 2024, siku sita tu kabla ya F2 kuzingirwa na magari, Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la mradi wa kuunganisha mito ya Ken na Betwa. Bundelkhand, eneo ambalo mradi huo unakusudiwa kulipatia maji, ni nchi ya ukame, na kiu ya watu wake ni ya kweli. Nisingependa iandikwe kana kwamba haipo. Lakini bwawa la Daudhan litajengwa ndani ya hifadhi ya Panna, na mradi huo unachukua hekta zipatazo 6,000 za msitu, zikiwemo sehemu za kiini ambako wazao wa T3 wanawinda. Kwa siku nyingi mwanzoni mwa mwaka 2025 watu walijadili magari ya Umred. Mgeni atakayeingia Panna msimu ujao bado ataonyeshwa mto Ken, mamba wake na makorongo ya miamba. Amwombe mwongoza wageni amwambie maji yatafika wapi. Huenda kijana huyo ni mwenyeji wa vijiji vya jirani, na ataonyesha kwa kidole.